Kupima Mlango

6 Januari

Dada yangu wa tumbo moja,

Pokea salaam nyingi, nyingi mpaka watu wa posta walalamikie uzito wa bahasha. Mimi ni mzima, mume wangu ni mzima, hata panya wa darini ni mzima, maana katika nyumba hii kila kitu kinanawiri. Shemeji hajambo? Watoto je? Kitinda mimba wako bado halali mpaka ashike sikio la mtu? Mbusu lile shavu la kushoto, umwambie ni la mama mdogo.

Ulisema tuandikiane barua kwa kuwa kwenye simu mimi hubwabwaja mpaka salio linakata kabla sijakuuliza hali. Basi leo hali nimekuuliza kwanza. Sasa niache niseme.

Dada, ndoa ni tamu! Kwa nini hukuniambia? Vyumba vyetu ni viwili tu, cha nyuma kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, lakini ule ukuta nao naupenda. Sakafu naisugua mpaka naona meno yangu. Asubuhi mume wangu hunywa chai akiwa amesimama mlangoni, eti akikaa atashindwa kuondoka. Akifika kona hugeuka kunipungia mkono. Juzi aligeuka akajigonga kwenye nguzo ya umeme, akaipungia na yenyewe. Nampenda kufa kuoza, nyonga mkalia ini wangu.

Uliuliza kazi yake hasa ni ipi. Si wakili, ni msaidizi wa sheria. Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, ina benchi, kabati lisilofunga na feni inayozunguka ikijisikia. Wanaokuja pale ni watu wa kipato kidogo walionyimwa vyumba vya kupanga. Huyu kakataliwa kwa sababu ni kipofu, yule kwa sababu ya kabila lake, mwingine kwa sababu hana mume. Mwenye nyumba hasemi hivyo, husema, "Samahani, kimeshachukuliwa." Mume wangu huwasikiliza, huwaandikia malalamiko, huwasindikiza mpaka kwenye baraza la nyumba. Jioni ananihadithia huku nikimsugua miguu. Nasikia fahari mpaka shingo inarefuka.

Kuna dosari moja tu, nayo ni ndogo kama chawa. Pale ofisini pana msichana mwenzake wa kazi, mrefu, shingo ndefu, anacheka kwa sauti. Mimi namwita Twiga. Hajaolewa. Nimekutajia tu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Chiriku


3 Februari

Chiriku,

Barua yako imefika. Furaha ilijaa bahasha mpaka gundi ikashindwa, nimeikuta imeachama.

Watoto hawajambo. Kitinda mimba anakohoa kidogo. Shemeji yako kazi imempeleka mbali kidogo, ukiandika usijisumbue kumsalimu kila mara.

Jambo moja: usitume tena kwa anwani ile ya nyumbani. Tuma dukani kwa muuza vitambaa, ndiko ninakopitia siku hizi. Usiniulize maswali, tarishi wa mtaa wetu ni mzembe.

Nimefurahi kwamba unasugua miguu ya mtu. Hata mimi niliwahi kusugua. Kuhusu huyo Twiga, mimi sijui kitu. Ila mwanamume akikuhadithia mambo yote ya kazini, mtazame siku atakayoanza kunyamaza.

Dada yako


10 Februari

Dada,

U mzima? Kikohozi cha mwanetu kimepungua? Mchemshie maji, mfunike kifua. Salamu za shemeji nimezimeza kama ulivyoagiza.

Dada, una mdomo wa kutabiri! Amenyamaza!

Ilianza Jumatatu. Nilimuuliza, "Leo umefanya nini, laazizi?" Akasema, "Kazi." Basi! Neno moja, kama mtu anayelipia maneno. Jumanne vilevile. Jumatano nikambana. Akaweka kijiko chini, akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mke wangu, hili usiniulize. Likiisha nitakusimulia mwanzo mpaka mwisho." Mwanzo mpaka mwisho wa nini?

Alhamisi nikampelekea chakula ofisini, kumbe nimepeleka macho. Twiga alikuwa amekaa juu ya meza, si kwenye kiti, na kidoleni ana pete. Pete, dada! Mtu asiye na mume! Aliponiona akaivua haraka, akaitupa kwenye mtoto wa meza, akaniambia, "Karibu shemeji," huku akicheka kile kicheko chake cha sahani zinazoanguka. Mume wangu akaangalia feni.

Na bado. Msusi, jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke asiyepitwa na jambo, alikuwa ananisuka Jumamosi. Akaniambia polepole, kama anayenitoa mwiba, "Bibi harusi, sitaki ugomvi na mtu, lakini mumeo nimemwona mtaa wa juu na msichana mrefu. Wanaulizia chumba cha kupanga." Nikamwambia ni kazi yao kuulizia vyumba. Akasema, "Haya. Na kushikana mikono ni kazi pia?"

Alikuwa amebakisha nusu ya kichwa. Niliondoka hivyohivyo, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umesimama. Nimelala vile, mume wangu akanisifia eti ni mtindo mpya. Sina hali, dada. Ile kona anakogeuka kunipungia, sasa natazama anageukia upande gani akishaondoka. Niambie nifanye nini. Wewe una ndoa ya miaka, mimi hata mwaka sijaumaliza.

Chiriku


1 Machi

Chiriku,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa nahangaika na mambo ya makazi, si makubwa.

Unaniuliza ufanye nini. Mfuate.

Usiulize, usilie, usimpikie vizuri ukidhani atakuonea huruma. Vaa viatu visivyolia, umfuate mpaka mlangoni, uone kwa macho yako. Watu watakuambia subira ni dawa. Mwenye kusubiri huja kukuta kabati tupu. Laiti mimi ninge... haya, tuyaache.

Watoto wanalala vizuri. Harufu ya vitambaa vipya si mbaya ukiizoea.

Dada yako


12 Machi

Dada,

Kabla ya salamu: nimeharibu. Sasa salamu. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi nimeharibu.

Nilimfuata kama ulivyosema. Viatu nilivivua kabisa, nikavishika mkononi. Walitoka ofisini saa nne asubuhi, Twiga amejifunga kilemba cha heshima, pete kidoleni. Wakapanda mtaa wa juu mpaka nyumba ya Mzee Funguo. Huyu ni mwenye nyumba wa kule, ana vyumba safu nzima, na shada la funguo kiunoni linalolia kama njuga akitembea. Getini pana kibao, CHUMBA KINAPANGISHWA. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Dada, nilisikia kila neno. Mume wangu, kwa sauti ileile aliyoniposea, akasema, "Mzee, mimi na bibi yangu tunatafuta chumba." Bibi yangu! Twiga akamshika mkono, akalegeza shingo. Mzee Funguo akawapima kwa macho, akatabasamu, akasema, "Mume na mke? Hao ndio wapangaji ninaowataka. Chumba cha kona ki..."

Hakumaliza. Damu ilinipanda, nikatoka nyuma ya tangi na viatu mkononi kama mtu wa kuuza mitumba.

"Bibi gani?" nikapiga kelele. "Bibi ni mimi! Huyu ni Twiga wa ofisini!"

"Wa ofisi gani?" akauliza Mzee Funguo.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Ofisi ya msaada wa sheria, juu ya duka la rangi! Kamuulizie kila mtu!"

Funguo zenyewe zilinyamaza. Kisha yule mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Aaa! Kumbe mmetumwa na yule fundi cherehani! Kijana, nenda na wake zako wote wawili. Hapa hakuna chumba." Aking'oa kile kibao alikuwa bado anacheka.

Tukashuka mtaa, mume wangu ametangulia. Mwisho wa mtaa alikuwa amesimama mwanamke, watoto pacha wamemshika nguo huku na huku. Ni fundi cherehani, wanamwita Mama Pacha. Alitutazama nyuso, akageuka akaondoka bila kuuliza. Hapo ndipo mume wangu akaniambia, si kwa ukali, heri angefoka.

"Tulikuwa tunapima mlango," akasema.

Ndivyo wanavyouita. Mama Pacha hana mume. Nyumba anayokaa imeuzwa, lazima atoke kabla ya mwezi wa tano. Alikwenda kwa Mzee Funguo na kodi mkononi, akaambiwa kimeshachukuliwa, na kibao kinaning'inia mbele ya macho yake. Ili kudhihirisha ubaguzi, ofisi hutuma watu wengine kwenye mlango uleule, wenye kipato kama chake, tofauti iwe moja tu. Yeye hana mume, basi wanakwenda mume na mke. Mwenye nyumba akiwaambia kiko wazi, uongo wake umeshikwa. Pete ni ya ofisi, ya shaba, inakaa kwenye mtoto wa meza na mihuri. Na wanaopima hula kiapo wasimwambie mtu, hata wa ndani ya nyumba, mpaka baraza lisikilize, kwa sababu habari ikivuja mlango hufungwa.

"Nilibakiza neno moja," mume wangu akasema. "'Wazi.' Alikuwa ameshafikia 'ki'."

Nimelia, dada. Na nikuambie jambo la aibu zaidi? Wivu haujaondoka. Najua ni kazi, najua ni pete ya shaba, lakini "bibi yangu" aliitamka vizuri mno. Usiku nikamuuliza, "Lakini kulegeza shingo vile pia ni sheria?" Akanigeuzia mgongo. Ndiyo mara ya kwanza tangu tuoane.

Ulisema nimfuate. Nilifuata.

Chiriku


16 Aprili

Chiriku,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilianza kukujibu, nikachana. Nikaanza tena.

Pole. Usiache mgongo ukauke ukiwa umegeuka, mguse yeye kwanza.

Nina swali, si langu. Ni la rafiki yangu mmoja wa hapa. Mume wake aliondoka tangu mwaka jana, akaenda kwa mtu mwingine, akahamisha mpaka vyombo. Kodi ya nyumba ilikuwa kwa jina la mwanamume, basi mwenye nyumba akamtoa. Rafiki yangu ana kazi, anauza vitambaa, kodi anaweza kulipa. Lakini kila anakogonga wanamuuliza, "Baba watoto yuko wapi?" Akijibu kweli, chumba kimeshachukuliwa. Sasa analala na watoto nyuma ya duka, juu ya majora ya vitambaa. Mdogo anakohoa kwa vumbi, na halali mpaka ashike sikio la mtu, kwa hiyo mama yake naye halali.

Muulize mumeo: hiyo sheria ni ya mji wenu tu, au hata huku ipo? Rafiki yangu ana haya, hakutaka niulize. Amewahi kujisifu sana kuhusu ndoa yake mbele ya ndugu zake.

Dada yako


2 Mei

Dada yangu, dada yangu, dada yangu,

Salamu kwanza, maana leo nazihitaji mimi. U mzima? Unakula? Kifua cha mtoto?

Nikusimulie ya kwangu, kisha nitakuja kwa rafiki yako.

Nilimgusa mgongo kama ulivyosema. Akageuka. Nikamwambia, "Nataka kurekebisha." Akasema hakuna wa kupima mlango ule tena, Mzee Funguo anazijua sura zao zote. Nikakaa kitandani nikafikiri. Sura yangu anaijua kama nani? Kama mke aliyefumania! Mtaa mzima unajua. Nani atashangaa nikisema nimemwacha mume?

Mume wangu akaruka. "Hapana!" Kesho yake ofisini wakili mkuu akasema inawezekana, mradi nisiseme ila ninachohitaji, na niende na mtu wa pili wa kusikia. Twiga akacheka sahani zake zote. "Shemeji," akaniambia, "wewe ulizaliwa kwa kazi hii, ila ulianzia mwisho." Sikutaka kucheka. Nilicheka.

Basi nikavua pete yangu, dada, ile ya kweli. Ilikataa kutoka, nikapaka sabuni. Nikaenda na msusi, tukamkuta Mzee Funguo barazani, kibao kimerudi getini.

"Mzee, ni mimi wa siku ile," nikasema. "Nimeachana naye. Nina kazi, nashona mashuka ya hospitali, kodi ninayo. Nataka chumba cha kona."

Alinitazama, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Mwanangu, kiko wazi. Lakini si kwako. Mwanamke asiye na mume simpangishi. Leo yuko peke yake, kesho wanaume foleni, keshokutwa kodi hakuna."

"Kodi ninayo," nikarudia.

"Hata yule fundi cherehani alikuwa nayo. Nilimwambia kimechukuliwa ili nisimuumize. Wewe nakuambia kweli kwa sababu umenichekesha. Rudi kwa mumeo, vumilia."

Msusi akauliza kwa sauti ya upole ambayo sikujua anayo, "Kwa hiyo mzee, ni kwa sababu hana mume tu?"

"Ni nini kingine?" akasema. "Akipata mwingine, mlete. Nina mpwa wangu hajaoa."

Hilo la mpwa mume wangu alipolisikia aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Mpwa gani, ana umri gani, alikuwepo? Dada, nilifurahi kama niliyepewa shamba. Kumbe na yeye wivu anao!

Baraza lilisikiliza wiki iliyopita. Msusi alitoa ushahidi neno kwa neno, hata pumzi za mzee alizirudia. Mama Pacha amepewa chumba cha kona, na Mzee Funguo ameamriwa amwombe radhi kwa maandishi. Jana nilipita, cherehani iko dirishani, pacha wamekaa juu ya ngazi wakigombania nani ni mkubwa. Mama Pacha alinipa kanga, nikakataa, akasema, "Chukua, nikuone mtu mwenye akili." Nikachukua.

Lakini sitasahau nilivyosimama mlangoni pale na kidole kitupu. Nilijua mume wangu yuko mtaa wa pili ananisubiri, na bado niliposikia "si kwako" nilijikuta naigeuza pete isiyokuwepo. Nikawaza, anayesikia hivyo na hakuna anayemsubiri mtaa wowote?

Sasa rafiki yako.

Mume wangu nimemwambia habari zake. Anasema sheria ni moja kote, huko pia kuna baraza. Anasema kila mlango atakaogonga, akumbuke maneno yaleyale aliyoambiwa, na kama kibao kilikuwepo.

Ya sikio sikumwambia.

Dada, mimi niliandika kurasa na kurasa za sakafu yangu na nguzo ya umeme, na wewe, na rafiki yako, mnazisoma juu ya majora. Sitauliza kitu. Mwambie tu tunakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kwa basi la asubuhi. Achague mlango mmoja ulio na kibao. Na mtoto, siku hizo tutakazokuwepo, alale na mimi. Nina masikio mawili, yote hayana kazi.

Mdogo wako,
Chiriku


9 Mei

Chiriku wangu,

Njooni. Shukeni kituo cha mwisho, duka lina pazia la njano.

Rafiki yangu sasa ana jina, nalo unalijua, tusilizungushe tena.

Barua zako nilikuwa nazisoma nikitafuta kosa ndani ya furaha yako. Sikulipata, mpaka nikalitengeneza mwenyewe kwa neno moja, "Mfuate." Nawe hujanirudishia hilo neno hata baada ya kujua. Ndiyo maana nakuandikia leo bila kuchana.

Mlango nimeshachagua. Nyumba ya ghorofa moja karibu na kiwanda cha sabuni, kibao kipya, dirisha kubwa. Nitagonga kwanza mimi na watoto wangu, kwa sauti, na wakiniuliza baba watoto yuko wapi, nitasema ukweli. Wakiniambia kimeshachukuliwa, nitashuka ngazi, nanyi mpande.

Twiga abaki ofisini. Safari hii, mkifika pale juu, mshike mumeo mkono wewe mwenyewe, na shingo uilegeze kadiri utakavyo. Mimi nitakuwa chini, natazama. Sitaona wivu. Au nitaona kidogo, lakini nitakuwa nakusubiri.

Dada yako